Rangi ya Maziwa Kwenye Barabara ya Matope

Kila asubuhi, kabla hajagusa ndoo, Syprose Akello alizunguka matatu mara moja akiwa ameinama kidogo, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Akifika gurudumu la nyuma alikwangua tope kwa ukucha wa kidole gumba, akalisugua katikati ya vidole viwili, akalinusa. Ndipo alipomgeukia dereva.

"Kipkurui, si ulisema jana gari ililala hapa Chepseon?"

"Ndiyo, Mama Owiti."

"Hii tope ni ya Sigor."

"Mama, si tope ni tope tu?"

"Ya Chepseon ni nyekundu, ukiimwagia maji inakuwa kama supu ya nyanya. Ya Mulot ni vumbi, ukipuliza inaenda. Hii nyeusi inayong'ang'ania kama mgeni hajapewa nauli ni ya Sigor. Na Sigor hakuna steji yetu siku ya Jumanne. Sasa nani yuko huko?"

Makanga walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kipkurui alimwomba ashushe sauti kwa sababu kaka ya mke wake alikuwa anakunywa chai hatua tatu kutoka hapo. Mama Owiti akashusha sauti.

"Gari nitaosha," alimwambia. "Hiyo ingine utaosha mwenyewe."

Kwa miaka tisa siku ya steji yetu ilianza hivyo. Magari ya Umande Sacco, chama cha wenye matatu, yalikuwa kumi, na yote yaliamkia kwa mikono yake, pale kando ya kijito, ukuta kwa ukuta na kioski cha chai cha mama yangu, Wanjiru. Kila kitu kinachosemwa pale kinapitia kwa vikombe vyetu.

Watu walimwita Mama Owiti kwa sababu Owiti ndiye kifungua mimba wake. Babu yake alitoka upande wa ziwa akaja kuchuma chai, na yeye mwenyewe alizaliwa kwa nyumba za laini, ndani ya shamba. Alichuma miaka ishirini na mmoja. Halafu ikaja mashine ya kukata majani, inashikwa na vijana wawili, huyu huku na huyu kule, inanguruma, inamaliza asubuhi moja kile wanawake wa laini nzima walimaliza kwa siku tatu. Walimpa barua na blanketi. Blanketi alilitumia, barua aliwashia jiko. Kilichobaki ni vidole vyake: utomvu wa chai ulikuwa umeingia kwa mistari ya ngozi, ukawa kahawia, na hakuna sabuni imewahi kuutoa. Akiulizwa alisoma hadi wapi, aliinua mkono akaonyesha vidole. "Hizi ndizo cheti zangu."

Magari ya Umande siku hizo kila moja lilikuwa na rangi yake. Moja maruni, moja rangi ya kahawa, moja kijani nzito kama majani ya kabichi. La Kipkurui lilikuwa rangi ya fahali wa baba yake, wekundu wenye weusi ndani, na alikuwa amempelekea fundi picha ya huyo fahali kwenye simu ili asikosee. Yalikuwa magari ya watu wanaojua wanaishi wapi. Mvua yetu inafika saa nane mchana kama mtu aliyeajiriwa, na ukitoka lami ni wewe na udongo.

Halafu wenye magari wakamchagua Mwalimu Eliakim Ratemo kuwa mwenyekiti.

Mwalimu alikuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi sana. Alistaafu, lakini shule haikumtoka. Makanga walipanga foleni kwa urefu. Madereva walikaguliwa kucha. Mfukoni alibeba hanchifu nyeupe, imekunjwa mara nne, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akipengea kamasi. Ilikuwa ya kukagulia.

Mwezi wa pili wa uongozi wake alimleta Vivian, binti ya dada yake, aliyesomea mambo ya rangi na michoro Nairobi. Alikuwa msichana mpole, viatu vyake vya kitambaa, na alibandika karatasi tatu kwenye ukuta wa kioski chetu. Madereva na makanga waliitwa waone.

"Tunataka Umande iwe na sura moja," akasema. "Nje, nyeupe ya mawingu. Paa, nyeupe ya maziwa. Viti, krimu ya pembe za ndovu, kava za kitambaa. Mtu akiingia, apumue."

Opondo, kondakta mkubwa wa steji, alikaribia karatasi mpaka pua ikagusa.

"Madam, hizi tatu si ni kitu kimoja?"

"Hapana. Hii ina joto, hii ina baridi."

Opondo akaweka kiganja juu ya ya kwanza, akangoja. Akaweka juu ya ya pili. "Mimi naona zote zina baridi," akasema, na kwa kweli ukuta wetu ni wa mabati.

"Na ule mstari wa manjano wa serikali?" dereva mmoja akauliza.

Vivian akashusha pumzi. Alisema mstari huo ulimnyima usingizi wiki mbili, unaharibu utulivu wote, lakini sheria ni sheria.

Mama Owiti alikuwa amesimama nyuma, mikono inachuruzika maji. "Mwanangu Vivian, pole na safari. Ulifika hapa na barabara gani?"

"Ya lami, mama."

"Na ulipotoka kwa lami?"

"Sijatoka kwa lami."

"Haya basi," Mama Owiti akasema, kama mtu aliyemaliza kesi. Halafu akamwangalia mwenyekiti. "Mwalimu, paka hizi gari rangi ya tope. Tope ikikuja ipate tope mwenzake, wakae kwa amani."

Watu walicheka, Vivian pia. Mwalimu hakucheka.

"Mama Owiti, tunajenga jina."

"Jina nitalionea wapi, na limefunikwa?"

Kipkurui naye akainua mkono, akasema kama ni lazima iwe rangi moja, yeye ana fahali. Mwalimu akamwambia aketi.

Zilipakwa. Zilirudi kumi, zimejipanga, nyeupe kabisa, na lazima niseme ukweli, kwa dakika kama arobaini zilipendeza. Zilikuwa kama meno. Halafu ikafika saa nane.

Nitataja machache tu. Wachuma chai waliingia na aproni zao za plastiki, na kila aliyeketi aliacha alama ya utomvu, kwanza kijani, baada ya saa moja kahawia. Priscillah, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, alikaa juu ya parachichi la mtu. Mzee mmoja wa kwenda Mulot alibeba kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, akipeleka kwa harusi, gari likapiga shimo, kifuniko kikaruka. Mursik ina mkaa ndani, kila mtu wa huku anajua, na ule mkaa ukishaingia kwenye kitambaa cheupe umehamia. Mzee mwenyewe hakujali kiti. Alilia mursik.

Opondo alitoa amri kwamba gambuti zivuliwe mlangoni. Ilifuatwa safari moja. Gari lilipofika Kericho abiria wote walikuwa wamefungua madirisha kwa mvua, na Opondo mwenyewe aliwaomba watu kwa heshima wavae viatu vyao tena.

Hapo ndipo Mwalimu Ratemo alipotoa sheria. Kila Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi atapita na hanchifu yake kwenye viti. Ikitoka chafu, ni alama moja kwa Mama Owiti. Alama tatu, atatafutwa mtu mwingine. Na mtu mwingine alikuwepo tayari, hakuwa siri: kijana anaitwa Omosa, wa pale petroli, aliyenunua mashine ya kuosha gari kwa nguvu za maji, na alikuwa amemsalimia Mwalimu mara mbili wiki hiyo akiwa amechomekea shati.

Mama Owiti aliisikiza hiyo mashine ikinguruma ng'ambo ya barabara. Alikunywa chai yake, akaweka kikombe.

"Wanjiru, mashine ilinitoa kwa chai. Sasa rangi inataka kunitoa kwa steji, na mashine imesimama nyuma yake inangoja. Mimi siendi mara ya pili na blanketi."

Jumatatu ya kwanza alikuwa amesugua tangu saa tisa alfajiri. Hanchifu ilitoka na mstari wa kahawia. Alama moja.

Jumatatu ya pili alitumia sabuni, ndimu, majivu na maneno ya Kijaluo ambayo sikuyaelewa lakini gari liliyaelewa. Viti tisa vilipita. Cha kumi kilikuwa cha mursik. Mwalimu alionyesha watu wote hanchifu, ameishika kwa ncha mbili kama mtoto wa shule amekamatwa na karatasi.

"Nani ataniambia hii ni nini?"

"Mkaa, Mwalimu," makanga wakajibu pamoja.

Alama mbili.

Sasa, sisi kwa kioski tunachemsha chai tangu alfajiri mpaka jioni, na makapi yake mama humwaga nyuma, yanafanya rundo ambalo kuku hawalipendi. Alhamisi hiyo Mama Owiti alisimama mbele ya rundo muda mrefu. Akaokota makapi kidogo, akayakamua mkononi, akaangalia vidole vyake, akaangalia kule magari yaliko.

"Wanjiru, haya usimwage tena."

Jumapili magari hayatembei mpaka saa sita, watu wakiwa kanisani. Aliweka pipa juu ya mawe matatu. Akamwaga makapi ya siku tatu, akaongeza na paketi za vumbi la chai, ile kali ya bei ya chini. Yalipochemka yakawa meusi kama dawa, akamwaga chumvi kilo mbili ya kushikisha rangi, polepole, akikoroga na mti. Halafu akatoa kava zote za gari la kwanza akazizamisha. Alizigeuza, akazitoa, akazisuuza kijitoni mara tatu mpaka maji yakatoka safi, akaanika kwenye ua. Gari la pili, la tatu, la nne. Kwa la tano makapi hayakutosha, yaliisha nguvu. Jua lilikuwa zuri. Ua wote ulikuwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyokolea, na kila doa, la utomvu, la parachichi, la mursik, lilikuwa limepotea humo ndani kama tone kwenye mto.

Jumatatu ya tatu watu walifika mapema kuliko magari. Hata Omosa alivuka barabara, shati amechomekea.

Mwalimu alifungua mlango wa gari la kwanza. Akasimama.

"Mama Owiti. Hii ni nini?"

"Ni viti, Mwalimu."

"Najua ni viti. Ni rangi gani?"

"Ya hapa."

Akatoa hanchifu. Akaikunjua mkunjo mmoja, akasugua kiti cha mbele. Nyeupe. Akasugua cha nyuma, pale kwenye mursik, akisukuma kwa bega kabisa. Nyeupe. Gari la pili, nyeupe. La nne alisugua mpaka miwani ikateleza, na bado hanchifu ilitoka kama ilivyotoka dukani. Makanga walianza kuhesabu kwa sauti kama watu wa mpira. Alipofika la tano, ambalo viti vyake bado vilikuwa krimu, alisugua mara moja tu kwa upole, na ikatoka na doa kubwa kama sahani.

"Hiyo ni rangi ya Madam Vivian," Opondo akasema kwa adabu. "Hiyo hatujui alama inaenda kwa nani."

Mwalimu alikunja hanchifu, doa likiwa ndani, akasema kutakuwa na kikao.

Siku mbili hizo hadi kikao, abiria waliamua mambo yao wenyewe. Wachuma chai walipanga foleni kwa magari manne ya strungi na kuyaacha yale ya krimu yanangoja. Mama mmoja alimwambia kondakta, "Hii nyeupe wacha ibebe bibi harusi. Mimi nimetoka kazi." Mama Owiti alipita katikati yao na ndoo yake, na kila mtu alimsalimu kwa mkono. Sijawahi kumwona akitembea wima hivyo.

Jumatano mvua ilikuwa kubwa. Ofisi ya sacco iko orofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea, na Mwalimu alikuwa ameiweka vigae vyeupe mpaka kwenye ngazi. Mlangoni kuna kibao: VUA VIATU. Nilipanda na birika na vikombe vya kamati. Mama Owiti alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho, miguu mitupu, gambuti zake ameziacha nje, ndoo na brashi kando yake.

Mwalimu alisoma kutoka kwa karatasi.

"Kamati imeridhia viti vya rangi ya chai, kwa magari yote kumi, kama ilivyobuniwa na mtaalamu wetu, Vivian."

"Anko," Vivian akasema, "si mimi niliyebuni."

"Vivian, subiri." Akaendelea. "Pili. Mama Syprose Akello alichukua mali ya sacco akaichemsha bila ruhusa. Kwa hiyo atapewa barua ya onyo. Tatu. Ili jambo kama hilo lisirudie, kuanzia mwisho wa mwezi kazi ya kuosha itafanywa na mashine."

Mvua ilipiga mabati. Kipkurui alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Na huyo mama alikuwa amemfichia siri za Sigor mwaka mzima.

"Mama Owiti," Mwalimu akasema, sasa kwa sauti laini, "kabla ya kufunga. Kwa kumbukumbu tu. Ulitumia nini? Omosa atafanya yale sita yaliyobaki."

Mama Owiti alimwangalia Omosa, aliyekuwa ameketi dirishani. Akamwangalia Mwalimu.

"Majani ya chai, Mwalimu. Na maji."

"Hayo tu?"

"Wewe nyumbani chai unapika na nini?"

"Andika," Mwalimu akamwambia Vivian. "Majani. Maji."

Chumvi niliiona. Sikuulizwa.

Yaliyofuata mnayajua, maana yalisimuliwa mpaka Bomet. Omosa alichemsha majani na maji, akazamisha, akarudisha kava kwenye viti hata bila kusuuza. Jumapili mchana kwaya ya Priscillah ilisafiri kwa magari mawili kwenda kuimba Kericho, wamevaa sketi nyeupe mpya, na mvua iliwapata wakipanda. Waliposimama mbele ya kanisa la watu wakageuka kuelekea madhabahu, washarika wote waliona nyuma ya kila sketi mduara wa kahawia, safi, wa saizi moja. Wanasema waliimba vizuri. Wanasema wenyeji hawakujua waangalie wapi. Priscillah alienda ofisini Jumatatu na sketi yake ndani ya karatasi, akaiweka juu ya meza ya Mwalimu, akamwomba aipitishe hanchifu.

Lakini siku ile ya kikao hayo yote yalikuwa bado. Siku ile Mama Owiti alisimama tu, akasema, "Asanteni kwa chai," ingawa hakuwa amepewa kikombe, akaenda mlangoni. Aliinama akavaa gambuti, moja, halafu ya pili, taratibu. Akashuka ngazi tatu hivi. Tukasikia amesimama.

Alikuwa amesahau ndoo.

Akarudi. Aliingia na gambuti zake zote mbili, tope la kijitoni limezijaa mpaka kwenye kisigino, akavuka kile chumba cha vigae vyeupe kutoka mlango mpaka kiti cha mwisho, hakukimbia, hakukanyaga kwa hasira. Akachukua ndoo. Akachukua brashi. Akavuka tena. Mwalimu alizifuata nyayo za tope kwa macho mpaka kwenye kibao.

Nilishuka nyuma yake na birika. Kipkurui naye alishuka mbio, bila viatu, akalikimbilia gari lake lililokuwa nje, jeupe, la viti vya krimu, akafungua mlango wa mbele.

"Mama Owiti, panda basi nikupeleke. Mvua hii."

Alizunguka mpaka gurudumu la nyuma. Alikwangua kwa kidole gumba, akasugua, akanusa.

"Sigor tena," akasema.

Akapangusa kidole kwenye mlango mweupe, alama moja nyeusi, fupi, akainua ndoo akaivaa kichwani kukinga mvua, akashika njia ya chini, ile inayopita katikati ya mashamba ya chai. Tangu siku hiyo hajarudi. Sacco imetuma watu kumtafuta mara tatu. Wa kwanza walisema yuko kwa Owiti, upande wa ziwa. Wa mwisho walisema kuna mwanamke Mulot anayeosha malori ya mifugo, na malori hayo, walivyoona, yote ni ya kahawia.